Mlinzi Aliyetiwa Mshipani

Tone la dawa lilining'inia kwenye mrija, likatetema, likakataa kuanguka.

Nesi Tabia akaigonga chupa kwa ukucha. Akaitazama sindano kwenye kijimkono cha Samir, akaiona imekaa sawasawa. "Ya mwezi uliopita ilishuka kama mvua," alisema. "Leo ina nini?"

Sheikha alikuwa akinusa. Wodi iliyozoea kunuka dawa ya kudekia ilikuwa imejaa harufu ya maziwa ya mama, mazito, ya moto. Hayakuwa yake. Yake yalishakauka kwa mawazo.

Samir alizaliwa njiti, mapafu yake mepesi kama ganda la kitunguu. Masika yale kirusi cha kifua kilikuwa kikipita mjini, na daktari alimweleza Sheikha taratibu, kama anayemweleza dada yake. "Mtoto mwingine atakohoa apone. Huyu hawezi. Mwili wake haujajua kupigana, basi tunamtia mshipani kinga iliyokwisha kutengenezwa. Ni mlinzi wa kuazima. Mwezi ukipita nguvu zake huisha, tukatia nyingine." Dawa aliileta ami yake mtoto kutoka Maskati, ndani ya sanduku la barafu. Sasa ile ya kwanza ilikuwa imekwisha nguvu, na kitanda cha pili mtoto wa watu alikuwa akikohoa mpaka midomo inageuka rangi.

Tabia akavua sweta lake akamfunika Sheikha mabega. Alipogeuka kuchukua mrija mwingine, Sheikha akaiona plasta kwenye mkono wa mwanawe ikianza kubanduka pembeni, polepole, kama inavutwa na vidole vilivyozoea ngozi za watoto wachanga, ikabanduka yote, na sindano ikafuata, ikatoka bila hata chembe ya damu na kulala juu ya shuka, na Samir, ambaye tangu kuzaliwa hajapata kucheka, akacheka, macho yake yakitazama kitu juu ya kichwa cha mama yake.

"Umeitoa wewe?" Tabia alinong'ona.

"Wallahi sijaigusa."

Bi Dalal, mama mkwe wake Sheikha, alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya uji. Akajikalia chini pale pale. "Ni mimi," alisema. "Nimemuudhi."

"Umemuudhi nani, mama?"

"Bibi wa Orofani."

Nyumbani kwao, mtaa wa Malindi, jina la jini huyo halikutajwa kwa mzaha. Kila mtoto aliyezaliwa nyumba ile alipandishwa chumba cha juu, akalazwa kitandani kwa Bibi, akaambiwa, "Mtoto wako huyu, mlee." Samir peke yake hakupandishwa. Alitoka tumboni akaingia hospitali.

"Nliona haya," Bi Dalal alisema. "Siku ile alipotiwa dawa ya kwanza nkapanda na kombe la marashi. Nkamwambia, Bibi, pumzika, umechoka. Mtoto keshapata mlinzi mwengine."

"Yaani umemwachisha kazi!" Tabia alisema. "Yaya wa vizazi vyote, anafukuzwa kwa kombe la marashi? Hata mimi ningenuna." Kisha akashusha sauti. "Dawa ikishafunguliwa haikai, Bi Sheikha. Nitakuhifadhia mpaka Magharibi. Nenda ukamtake radhi. Mtoto nitampakata mimi."

Bi Wanu, fundi wa majini, alifuatwa Kiembe Samaki. Walipopanda ngazi za orofani walisikia wimbo wa kubembelezea, ule ule Sheikha aliokuwa akimwimbia Samir, kwa sauti nzuri kuliko yake. Kitandani hapakuwa na mtu. Lakini shuka lilikuwa limebonyea kama limekaliwa.

"Sikuja na bakora," Bi Wanu alisema, akitia ubani kwenye chetezo. "Mwenye wivu hafukuzwi. Huulizwa."

Moshi ukapanda, kichwa cha Bi Wanu kikaanguka kifuani, na kinywa chake cha kizee kikatoa sauti ya mwanamke kijana.

"Baba yake nlimlea mimi. Babu yake nlimlea mimi. Huyu mmempa mgeni asiyejulikana hata kwao. Tena mmemtia ndani ya damu! Mimi miaka yote nimekaa ukingoni mwa kitanda, sijaingia damu ya mtoto hata mmoja."

Sheikha akapiga magoti. "Mwache apite, Bibi. Yule hakai. Kila mwezi huenda zake."

"Na mimi?"

Sheikha akasogea kwa magoti mpaka ukingoni mwa kitanda.

"Unataka nini?" Sheikha aliuliza.

"Aniite mama. Mimi kwanza. Wewe utangoja."

Bi Dalal akamshika mkono. "Usiharakishe, mwanangu."

Lakini Sheikha nusura acheke. Neno tu! Mtoto anakufa, naye anaombwa neno! "Chukua," alisema. "Nimekupa."

Adhana ya Magharibi iliwakuta wanarudi wodini mbio. Tabia aliwapokea machozi yakimtoka. "Nimemchoma tena, mara moja tu, ikashuka. Tazama!" Matone yalikuwa yakifuatana, moja, jingine, jingine, na Samir amelala.

Masika yakapita. Samir akanenepa mashavu, hakukohoa hata siku moja. Akajua kukaa, akajua kutambaa, na kila alipofungua kinywa Sheikha moyo ulimruka, akamwimbia "ba-ba, ba-ba", akimkwepesha na lile neno jingine kama mtu anayefunga mlango.

Asubuhi moja alikuwa akimlisha. Samir akausukuma mkono wake wenye kijiko, akanyoosha mikono yote miwili kupita bega lake, uso umemng'aa kwa mapenzi ambayo Sheikha hajapata kuonyeshwa.

"Mama," alisema.

Sheikha akafumba macho. Ni mimi, alijiambia, ananiita mimi, na akafungua kinywa amwitikie haraka, kabla ya mtu mwengine.

Nyuma yake, karibu kabisa na sikio, mtu alishaitikia.

"Naam, baba."