Buazza na Maziwa ya Mtini

Buazza, mkata vigae wa Fes, hakuwahi kukosa kwenda hamamu, bafu la umma, siku ya Alhamisi. Sasa kwa wiki tatu ndoo yake ya kuogea ilikuwa imekaa kavu mlangoni. Rkia, mkewe, aliitazama ndoo ile, kisha akamtazama yeye. Buazza aliyaogopa macho hayo kuliko matusi.

Alikuwa ameota vipele sehemu za siri, na hakutaka mtu avione, hata mkewe. Bibi yake alizoea kutibu chunjua za vidole kwa maziwa ya mtini, ule utomvu wake mweupe, naye akajipaka huko. Akaungua vibaya.

"Mbona unatembea kama bata?" aliuliza Mfaddal, jirani yao, muuguzi mstaafu.

Buazza akamwambia kwa sauti ya chini.

"Maziwa ya mtini? Huko?" Mfaddal alijikaza asicheke. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Twende kituo cha afya."

Daktari Lamrini alimkagua kwa taa na kioo cha kukuzia.

"Umejiunguza, sioni vizuri," alisema. "Usipake kitu tena. Leo tupime damu, maana kaswende nayo huotesha vinyama. Urudi baada ya wiki mbili."

Aliporudi, ngozi ilikuwa imepona.

"Damu yako ni salama. Hivi vidogo vilivyojipanga mstari kuzunguka kichwa cha uume ni maumbile yako. Umevichoma bure. Hivi viwili vya shinani ndivyo masundosundo, chunjua za sehemu za siri. Huletwa na kirusi kiitwacho HPV. Mara nyingi macho yanatosha kuvitambua. Lakini kimojawapo, hiki cheusi, kinanitia shaka. Nitakata kipande kidogo kipimwe."

"Ni saratani, daktari?"

"Tunapima ili tusikisie."

Baada ya wiki moja majibu yalikuja: si saratani. Daktari aliyagandisha masundosundo kwa dawa ya baridi, akaonya kwamba yanaweza kurudi.

"Mke wangu atasema nina mwanamke," alisema Buazza.

"Kirusi hiki hujificha hata miaka. Hakuna ajuaye kilikuja lini. Mwambie ukweli, naye apimwe shingo ya kizazi. Mtumie kondomu mpaka upone."

Buazza alimkuta Rkia akikanda mkate. Akamweleza yote, bila kuficha hata mtini. Rkia aliendelea kukanda, kisha mikono ikasimama.

"Wiki sita namtafuta huyo mwanamke wako sokoni," alisema. "Kila mwenye kilemba kizuri nilimchukia. Kumbe ni mtini?"

Buazza alicheka mpaka machozi yakamtoka. Moyo wake ulikuwa mwepesi.

"Jumatatu nakwenda kupimwa," alisema Rkia. "Unanisindikiza."

Alhamisi Buazza alipotoka kazini, aliikuta ndoo mlangoni, ina sabuni na taulo safi ndani yake.