Kilele cha Mnara wa Mbao

Kilele kilikuwa kimetoweka.

Mnara wenyewe ulisimama salama katikati ya ukumbi wa maonyesho, Guangzhou. Ulikuwa mfano wa mbao, mrefu kuliko mtu, wa mnara wa jumba la baraza la mji mmoja wa Ulaya. Mnara halisi ulijengwa zama za kati kwa mtindo wa Kigothi, na juu yake mlinzi alipiga kengele soko lilipofunguliwa au moto ulipozuka. Huu wa mbao sasa ulionekana kama bwana harusi aliyevuliwa kofia, na wageni walikuwa wanakuja kesho.

"Funguo anazo nani?" aliuliza Inspekta Liang.

"Mimi na fundi aliyeuchonga," alijibu Bi Guo, mwenye maonyesho.

Liang alipanda ngazi, akamulika. Hakuna kilichovunjwa. Kigingi kilichoshika kilele kilitolewa taratibu, kisha tundu likazibwa kwa kipande cha mti, likapigwa msasa na kupakwa nta. Inspekta akacheka peke yake. Mwizi gani huyu, anaiba halafu anakarabati?

Yeye na Bi Guo wakaenda moja kwa moja Mtaa wa Dengfeng, kwa fundi Zubeir wa Zanzibar. Liang alisoma Kiswahili chuoni, hakuhitaji mkalimani.

"Fundi, lile tundu umeliziba wewe?"

Zubeir aliinamisha kichwa. "Lilikuwa baya, afande. Nilishindwa kuliacha vile."

"Na kilele?"

Akafungua begi la safari. Kilikuwa ndani, kimeviringishwa kwenye kanga.

"Ulitaka kukiuza?"

"Kuuza? Hasha! Mnara wote nimeuchonga mimi. Hiki alikichonga mdogo wangu Rahim, hospitali, kitandani, mpaka akafa. Tumemzika huku huku. Mama yuko Unguja, hata kaburi hajaliona. Nikasema, angalau ashike alichokishika mwanawe mwisho."

"Kwa nini hukuomba?"

"Nimemuomba laoban, bosi wangu huyu. Kanambia mei you, hakuna."

Liang alimtafsiria Bi Guo yote, na yalimuuma kuyasema.

"Sikujua kwamba kijana amekufa," alisema Bi Guo kwa Kichina. "Nilidhani ni ujanja wao wa kutaka niwaongeze bei."

Akakifunika kilele kwa kanga, akafunga zipu ya begi, akalisogeza miguuni kwa Zubeir.

"Inspekta, mimi sijaibiwa kitu."

Zubeir aliwatazama wote wawili kwa hofu. "Kasemaje, afande?"

"Anasema umsalimie mama."