Majani Yaliyopelekwa Maabara

Jumanne, saa moja na robo asubuhi, mkaguzi wa mimea Redempta aliingia shamba la kwanza pale Kintinku. Viazi vitamu vilikuwa vimedumaa, majani yamejikunja na kupauka. Kaya arobaini zilikuwa zimepanda marando, vipande vya mashina ya kupandia, yaliyotoka nje ya nchi. Hakuna hata moja iliyokuwa na cha kuvuna.

"Mchawi tunamjua," alisema mwenyekiti wa kijiji, Paskali. "Ni Theodora. Shamba lake liko katikati na limestawi. Mchana tunaling'oa."

"Atakayeligusa kabla ya majibu ya maabara nitamshtaki," Redempta alimkatiza. Akachuma majani ya kupimwa katika mashamba yote, hata la Theodora.

Majibu ya kipimo cha vinasaba yalifika Ijumaa. Marando ya nje yalikuwa na virusi vya aina mbili. Ya Theodora, ya kienyeji, yalikuwa safi.

Sasa cheti cha afya kilichoyaruhusu marando ya nje yatoke karantini, kwenye kitalu cha Urbano, wakala aliyeyaingiza, kilipatikanaje? Redempta aliwataka maabara wapime upya mabaki ya sampuli aliyoipeleka Urbano alipoomba cheti hicho. Saa nane wakampigia: majani yale hayakuwa na virusi, ila hayakuwa ya mbegu ya nje. Yalikuwa ya Theodora.

"Si nilisema? Walishirikiana!" Paskali alifoka.

Redempta alimwacha palepale. Alikwenda kwa Theodora.

"Shikamoo, mama. Nani amewahi kuchuma majani kwako?"

"Marahaba. Urbano, tarehe kumi na nne Januari. Aliomba matembele. Nikataka kuyanyunyizia maji yasinyauke, akanikaripia. Akayapanga jani moja moja ndani ya gazeti. Nikajiuliza, mboga gani hubebwa hivyo?"

Saa kumi, katika ofisi ya kijiji, mbele ya Paskali na Theodora, Urbano alicheka alipoulizwa. "Matembele niliyala."

"Hukuyala." Redempta aliitupa mezani bahasha ambayo Urbano aliipelekea sampuli maabara. "Tarehe kumi na nne. Saini yako. Majani makavu, kwenye karatasi, kama maabara wanavyotaka."

Kicheko kilikatika. "Wangeteketeza shehena yangu yote! Kwani nimeua mtu? Viazi tu vile!"

"Viazi tu?" Theodora alisimama. "Wajukuu wangu wametupiwa mawe kwa viazi tu!"

Polisi walipomtoa Urbano, Paskali alikohoa. "Mama, tutahitaji marando yako."

"Nitatoa, watoto hawana kosa. Lakini uliniita mchawi mnadani, siku ya soko, Paskali. Utakuja kuniomba palepale mnadani, watu wakiwa wamejaa. Na usinong'one."