Dramu Iliyonyimwa Hewa

Lengelenge lilikuwa dogo, halikuzidi ukucha wa kidole gumba, nalo lilijitokeza mahali ambapo jana yake palikuwa laini kama kioo. Fundi aliivika dramu ile kwa mikono yake mwenyewe. Alipaka gundi mara mbili, akaingoja ianze kunata, akailaza plastiki ya urembo juu ya mbao na kuipitishia rola kutoka katikati kwenda ukingoni, ili hewa isipate pa kujificha. Hakuwa mtu wa kuacha lengelenge. Wateja wake walikuwa na mchezo wa kuutafuta mshono kwa kucha, wakashindwa, wakamwita mchawi kwa mzaha.

Alilibonyeza. Lilizama, likaibuka pembeni. Alilifuata kwa kitambaa cha moto, nalo likakimbia chini ya plastiki, kama panya chini ya mkeka, likauzunguka ubavu wa dramu mpaka lilipofika mahali fulani likatulia. Pale likawa linapanda na kushuka, polepole. Fundi aliuondoa mkono wake. Mahali pale alipajua vizuri.

Hapo ndipo lilipokuwa tundu la hewa.

Kila dramu ina tundu moja dogo ubavuni, lenye pete ya shaba, ili ngozi inapopigwa hewa iliyo ndani ipate njia. Anayeivika dramu urembo mpya hulitoboa tundu hilo upya kwa kekee na kuirudisha pete yake. Ni kazi ya dakika chache, na hakuna fundi asiyeijua. Safari hii Fundi hakutoboa. Alikuwa amekata kwa wembe magamba ya kijani na ya dhahabu, moja moja, akayapanga yakapandana kama ngozi ya samaki. Na katika dramu zote tano za seti ile tundu liliangukia katikati ya magamba, likaharibu mpangilio kama chongo katika uso mzuri. Basi aling'oa zile pete, akayajaza matundu unga wa mbao na gundi, akapiga msasa, akapitisha urembo juu yake. Alipomaliza alirudi nyuma, akatazama, akatabasamu peke yake.

Dramu zenyewe zilikuwa za mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Kishindo kwa namna alivyofunga milango tangu utotoni. Mama yao alipofariki, Fundi ndiye aliyemlea. Ndiye aliyemsuka, aliyempeleka shule, aliyemtafutia seti hiyo kuukuu kutoka kwa bendi iliyovunjika. Ilikuwa imechubuka kila upande, lakini ililia kuliko zote mpya. Wanamuziki walikuwa wakisema ina mtu ndani, wakacheka.

Alasiri ile bendi ilikuja kufanya mazoezi karakanani.

"Dada, umeivika au umeiozesha?" Kishindo aliuliza, akizunguka seti yake mikono kiunoni. "Mbona imenipita mimi mwenyewe kwa uzuri?"

"Keti upige, acha maneno."

"Mimi namhurumia bibi harusi wa kesho," kiongozi wa bendi alisema, akifunga nyuzi za besi yake. "Kajipamba wiki nzima, na watu watatazama dramu."

Kishindo aliketi, akaikanyaga pedali. Sauti iliyotoka ilikuwa ya ngumi iliyopiga godoro. Alikunja uso, akapiga tena, mara hii kwa nguvu, akizipitia dramu zote tano mpaka kwenye matoazi. Kisha vijiti vikamtoka mkononi, naye akashika kifua.

"Ngoja kidogo. Pumzi imekata."

"Uzee huo," kiongozi alimtania.

"Mzee ni wewe unayepanda ngazi kwa mafungu."

Walicheka, wakaanza upya. Fundi hakucheka. Alikuwa amenusa kitu. Ile harufu kali ya gundi mpya, ambayo hukaa karakanani siku kadhaa, ilikuwa imetoweka, na mahali pake pamekuja harufu ya kinywa cha mtu aliyelala muda mrefu mno, nzito, yenye uvuguvugu, kama vile chumba kizima kimepigiwa mwayo. Akamtazama mdogo wake. Kila pigo liliposhuka, kifua cha Kishindo kilibonyea. Si kwa kupumua, ila kama kinachovutwa na uzi kutoka mbele. Midomo yake ilikuwa imeanza kupauka.

Alisimama, akamfuata dada yake, akamshika kiwiko.

"Dada," alinong'ona, "kuna mtu anavuta."

"Anavuta nini?"

"Pumzi yangu. Nikipiga tu, ananivuta. Yumo mle."

Harusi ile ilipigiwa dramu za kuazima, na mpigaji wa kuazima. Kishindo alibaki kitandani, katika chumba kilichopakana na karakana. Daktari alisikiliza mapafu yake mbele na nyuma, akasema ni safi, apumzike. Lakini hata akiwa amelala chali, dirisha wazi, alivuta hewa kama mtu anayekunywa kwa mrija uliokunjika, na sentensi alizozimaliza zilikuwa fupi kila siku kuliko za jana.

Mchana mmoja jua likiwa kali, Fundi alikwenda karakanani kuchukua mkasi, akasimama mlangoni asiweze kuingia wala kurudi, kwa sababu dramu zote tano, zilizopangwa ukutani katika mwanga uliokuwa hauachi kona hata moja gizani, zilikuwa zikivimba na kunywea kwa pamoja, magamba yake ya kijani na dhahabu yakifunguka na kufumba bila mlio, na kutoka chumba cha pili, kupitia ukuta mwembamba, alisikia pumzi ya mdogo wake ikienda kinyume nazo, ikitoka zinapovimba, ikiingia kwa taabu zinaponywea, kiasi kidogo, kiasi zilichomwachia.

Kekee ilikuwa mezani. Aliichukua. Aliipeleka mpaka kwenye ubavu wa ile kubwa, ncha yake ikaligusa gamba la dhahabu, na hapo mkono ukakataa. Aliliangalia gamba lile, alilolikata mara nne mpaka likakubali. Akajiambia kuwa ni joto. Gundi hupanda kwa joto, kila fundi anajua. Akajiambia kuwa atangoja mpaka jioni. Akairudisha kekee mezani, akaifunika kwa kitambaa.

Jioni Kishindo alishindwa kulitamka neno "maji".

Kiongozi wa bendi alikuja asubuhi na shangazi yake, mwanamke mfupi mwenye mwavuli na mwendo wa mtu aliyechelewa kazini. Watu wengi walimwendea kwa mambo yasiyo na dawa dukani. Hakuuliza habari za mgonjwa. Aliingia moja kwa moja karakanani, akapiga goti mbele ya ile dramu kubwa, akaweka sikio ubavuni, akakaa hivyo mpaka mpwa wake akaanza kukohoa kwa wasiwasi.

"Nani aliyemfungia?"

"Nani, Shangazi?" Fundi aliuliza.

"Jini. Amekaa humu kabla hamjazaliwa wewe na mdogo wako. Alikuwa akitoka na kuingia kwa mlango wake, hamsumbui mtu. Sasa mlango umepigwa plasta, na humo ndani hewa imekwisha. Anakula ya jirani."

"Sikujua kama kuna..."

"Sikukuuliza la jini. Tundu ulijua kazi yake?"

Fundi alitazama sakafu. "Nilijua."

"Basi. Lete kekee."

Alizitoboa zile nne kwa mkono usiokataa tena, magamba yakivunjika na kudondoka miguuni pake, na katika kila tundu ulitoka mvuke mfupi wa ile harufu ya usingizi, hakuna zaidi. Ilipofika zamu ya ile kubwa, Shangazi alimshika mkono.

"Hapa sivyo. Yumo humu mzima mzima, na ana hasira. Ukimfungulia tu, ataingia mdomo wa kwanza ulio wazi. Ni lazima abebwe. Toboa, weka mdomo wako juu ya tundu, mvute. Ukisha kumvuta fumba mdomo, zuia pumzi, tembea mpaka mlango wa nje, mpulize uwanjani, juu. Njiani usiseme. Usimeze."

"Kwa nini mimi?"

"Aliyefunga ndiye anayejua kufungua."

"Shangazi," kiongozi wa bendi alisema kwa sauti ya chini, "hatuwezi kutumia hata pampu ya baiskeli?"

"Wewe fumba mdomo. Na sisemi kwa kukutukana, nasema fumba! Nenda kamshikie mgonjwa mlango, asitoke huko."

Alikwenda. Wakaufunga mlango wa chumba cha pili, naye akauegemea kwa mgongo, kiganja mdomoni. Shangazi alijifunga mtandio puani. Fundi alipiga goti, akatoboa, akaitupa kekee, akaweka midomo yake juu ya tundu lililokuwa bado na moto wa chuma, akavuta.

Kilichoingia hakikuwa hewa. Kilikuwa na uzito, kilikuwa na manyoya ya vumbi na uvuguvugu wa kitu kilichokuwa kikilia, na kiliingia kwa haraka ya aliyengoja, kikajaza mashavu, kikasukuma ulimi, kikatafuta pua, naye akaibana pua kwa vidole viwili na kuinuka, na karakana ambayo siku zote ilikuwa ya hatua chache ikawa ndefu kama uchochoro, meza ya kazi ikipita, kabati la rangi likipita, mapafu yake yakianza kudai, macho yakijaa maji, mlango wa nje ukiwa wazi mbele yake na mwanga mweupe wa asubuhi ukimngoja pale kizingitini.

Nyuma ya ukuta, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, Kishindo alivuta pumzi nzima.

Aliivuta hata wakaisikia wote. Akavuta nyingine. Kisha akaruka kitandani, kwani huyu hakuwahi kufungua mlango kwa upole maishani mwake, akausukuma, na kiongozi wa bendi aliyeuegemea akapepesuka mpaka kwenye matoazi, naye akapita mbio, nywele timtim, machozi yakimtoka, akasimama kati ya dada yake na mlango wa nje, mikono kaitandaza.

"Dada! Napumua! Dada, tazama, napumua!"

Alikuwa akicheka, na mdomo wake ulikuwa wazi wote.

Fundi alisimama. Hapakuwa na upande wa kupita. Pumzi yake ilikuwa imekwisha. Kitu kile kilikuwa kikipiga meno yake kwa ndani, nalo taya lilikuwa likifunguka lenyewe. Aliutazama ule uso alioufuta kamasi, alioupaka mafuta, alioufundisha kutamka. Shangazi aliinua mkono kumzuia, hakuwahi.

Fundi alimeza.

Alimeza mara moja, kwa nguvu, kama mtu anayemeza dawa chungu mbele ya mtoto ili mtoto asiiogope. Kisha akafungua mdomo, akamkumbatia mdogo wake, akalia pamoja naye.

"Yamekwisha?" kiongozi wa bendi aliuliza, akisugua kiuno.

Shangazi alikuwa akilitazama koo la Fundi. Alijifungua mtandio, akaokota mwavuli wake.

"Kwa huyu mdogo," alisema, "yamekwisha."

Kishindo sasa anapiga kwenye harusi kama zamani, na midomo yake ina rangi. Seti inalia kwa sauti ya kawaida, si nzuri, si mbaya. Wateja wa Fundi wamezoea kumwona akifanya kazi midomo ikiwa imeachana kidogo, kama mtu anayetaka kuanza kusema jambo. Wageni hunyamaza kumngoja, na hasemi. Analala kwa ubavu, na mbao ndogo aliyoilainisha kwa msasa imebanwa kati ya meno yake, asije akamfungia tena yule aliyemo. Kula ndiko kunakomshinda, maana hakuna anayemeza mdomo ukiwa wazi.

Juzi walikuwa mezani wawili tu. Fundi alitia tonge, akafumba midomo, akatafuna upesi ili amalize. Lakini upesi wake haukutosha. Kitu kile kikapanda kifuani, kikapita kooni, kikaanza: pigo zito, mawili mepesi, zito, juu ya meno, kwa ndani.

Kishindo aliacha kutafuna. Aliinamisha kichwa upande mmoja, kama afanyavyo bendi inapompa wimbo mpya, na vidole vyake, bila yeye mwenyewe kuvituma, vikaanza kuufuata mdundo ule juu ya meza, vikaupata, vikaukoleza.

"Huu mtamu, dada," alisema, akitabasamu. "Fumba tena."