Chapuo ya Mwezini

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Zulekha Mtoro alitokea katikati ya darasa la ngoma la Chuo cha Muziki cha Kihesa, Iringa, ameketi juu ya kigoda, chapuo, ngoma yake ndogo, katikati ya magoti. Mwili wake ulikuwa Mwezini. Kilichokuwa darasani kilikuwa mwangamwili, yaani umbo la nuru lililochorwa hewani na taa za darini. Lilikuwa na kivuli, lilikuwa na mkunjo wa khanga kiunoni, na lilipumua.

"Shikamoo, Mwalimu," umbo lilisema.

"Marahaba. Umeamkaje huko?"

"Salama tu. Nipo tayari."

Dakta Leokadia Komba, mwalimu wa ngoma, alijua kwamba jibu hilo lilikuwa halijafika kutoka Mwezini. Nuru husafiri sekunde moja na robo na ushei kutoka huko hadi duniani, na muda uleule kurudi. Katika mazungumzo, huko ni kukawia kidogo tu. Katika ngoma ni maangamizi, kwa sababu mpigaji akichelewa hata sehemu ndogo ya sekunde, mdundo umekwisha kuvunjika. Ndiyo maana chuo kilikuwa na Kitabiri. Mashine hiyo ilijifunza mikono, uso na maneno ya kila mwanafunzi wa mbali, ikakisia atakachofanya, ikakionyesha kabla hakijafika, kisha ikajisahihisha kimyakimya ukweli ulipowasili. Kwa msaada wake, Zulekha, fundi wa mabomba katika kituo cha kuchimba barafu, alisomea shahada ya muziki bila kukosa zamu hata moja.

Siku hiyo ilikuwa ya mtihani wa mwisho. Watahini wawili kutoka nje walikuwa ofisini kwa mkuu wa chuo wakinywa chai. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, ngozi zikalegea, na wanafunzi walipanga foleni kwenye jiko la umeme kupasha ngoma zao.

"Kasiani, vumi lako linakohoa," Leokadia alisema.

"Lina mafua, Mwalimu. Limelala karibu na dirisha."

"Na wewe ulilala karibu na nini usilisogeze? Lipashe."

Darasa lilicheka. Kasiani Nchimbi alilibeba vumi lake, ngoma kubwa ya sauti nzito, hadi kwenye jiko, akamtazama Zulekha. "Mwenye raha ni dada huyu. Hatujamwona akihangaika na ngozi hata siku moja. Chapuo yake haichoki."

Alisema kwa utani. Leokadia hakucheka. Alifungua kipimasauti, akaitafuta chapuo ya Zulekha katika rekodi za leo, za juma lililopita na za juma la kabla yake. Sauti ilikuwa ileile. Haikuwa imeshuka wala kupanda hata unywele.

Alimwita Mhandisi Faraji Mkocha, msimamizi wa Kitabiri.

"Nionyeshe mapigo ya Zulekha yaliyotoka Mwezini leo. Siyo ya mashine, yake."

"Yamechanganyika, Dakta. Ndiyo kazi ya Kitabiri."

"Yatenganishe."

"Kwa nini? Kuna tatizo gani?"

"Chapuo yake haibadiliki sauti."

"Mwezini hakuna mvua."

"Kuna ngozi ya mbuzi, na inapigwa kila siku. Ngozi isiyobadilika sijaikuta bado, na kazi hii sikuianza jana."

Faraji aliyatenganisha. Kwenye kioo ilitokea mistari miwili. Mstari wa Kitabiri ulijaa mawimbi. Mstari wa Mwezini ulikuwa umenyooka tangu majuma matatu nyuma.

Mhandisi aliufuata mstari huo kwa kidole. "Vihisi vyake vyote hupitia kisanduku kilicho ndani ya ngoma. Kisanduku kikifa, Kitabiri hakipokei kitu. Kinadhani taarifa zimechelewa njiani. Kinajaza pengo."

"Majuma matatu?"

"Hatukukiwekea kikomo."

"Sasa huyu ni nani?" Kasiani aliuliza. Umbo lilikuwa likimtazama kwa upole huku likirekebisha khanga.

Faraji alishusha sauti. "Dakta, tusikurupuke. Watahini wako ofisini. Mtihani upite, kesho nirekebishe. Wakijua, watasema tulikuwa tunasomesha mzuka."

"Na mimi nitatahini nini? Nimpe shahada mashine yako?"

"Nakuomba kama mdogo wako."

"Nami nakwambia kama dada yako. Zima, au nizime mwenyewe."

Faraji alizima. Umbo, kigoda na kivuli viliondoka kwa pamoja, na sakafu ikabaki tupu.

Leokadia aliomba laini ya kawaida ya sauti ya kituo. Wahudumu wa huko walimtafuta Zulekha chumba hadi chumba, mpaka sauti ya mwanamke ikaitika kwenye kipaza sauti.

"Nani mwenzangu?"

"Mwalimu Leokadia."

Kimya cha safari kilipita.

"Leo mmenisikia?" Zulekha alisema, na hakuamkia. "Hewa ya huku kavu, Mwalimu. Ngozi ilichanika, kisanduku kikafa. Nawaona, nawasikia. Nimepaza sauti mpaka wenzangu wa zamu wakanigongea ukuta. Nyie mnacheka, mnaendelea. Halafu unaniambia, 'Vizuri sana, Zulekha.'"

"Hukuandika chuoni?"

"Tena na tena. Najibiwa mahudhurio yangu kamili, hitilafu hakuna. Nikasema basi, wameamua kuninunia."

Leokadia alijua jibu hilo lilitoka wapi. Barua za wanafunzi wa mbali zilijibiwa na mashine ya ofisi, nayo iliuliza Kitabiri.

"Umbo la Kitabiri limekuwa likipiga na kujibu badala yako. Sifa zile nilimpa asiyestahili," alisema. "Kosa ni letu. Bado unapiga?"

"Kila kipindi, pamoja nanyi. Nimewamba bitana ya vazi la anga kwenye kipande cha bomba. Sauti yake mbaya."

"Ubaya wake nitaupima nikiusikia. Mtihani ni leo."

Walijaribu. Kasiani alianza na vumi, Zulekha akaitika, na pigo lake likaangukia mahali ambapo vumi lilikwisha kupita. Alipochelewa, Kasiani alipunguza mwendo kumsubiri. Zulekha alipousikia mwendo umepungua, naye akapunguza. Haukupita muda, ngoma ikasimama kabisa.

"Mwalimu, tumekuwa kama watu wawili mlangoni," Kasiani alisema. "Tangulia wewe, hapana, tangulia wewe."

"Ndiyo hasa. Mmoja aache kusubiri." Leokadia alikisogelea kipaza sauti. "Zulekha, utaongoza wewe. Huku watakufuata kila pigo linapofika. Kwa masikio ya Iringa, ucheleweshaji hautakuwepo."

"Na kwa masikio yangu?"

"Wewe utatusikia tuko nyuma, na tutakuvuta. Itabidi uzime sauti yetu."

Kutoka Mwezini ulisikika mlio wa kidole kikigonga bomba, mara moja.

"Majuma matatu nawasikia, hamnisikii," Zulekha alisema. "Leo mnisikie, mimi nisiwasikie."

"Ndiyo."

"Nitajuaje kama mmeingia?"

"Hutajua mpaka umalize. Naweza kuomba mtihani uahirishwe mpaka kisanduku kingine kikufikie. Ni miezi mingi, lakini ni haki yako."

"Nikae tena miezi na lile umbo likinisomea?" Alipumua kwa nguvu. "Waite watahini."

Waliingia pamoja na mkuu wa chuo, vikombe vya chai mikononi. Mtahini mkubwa alitazama sakafu tupu, kisha kipaza sauti ambacho Faraji mwenyewe alikuwa amekiweka juu ya kiti.

"Mtahiniwa yuko wapi?"

"Mwezini," Leokadia alisema. "Hapa ipo sauti yake tu. Nimethibitisha kwamba ni yake. Kwa majuma matatu yaliyopita siwezi kuthibitisha chochote, na nitaandika hivyo."

Mtahini alimtazama mkuu wa chuo. Mkuu wa chuo alimtazama Faraji. Faraji aliinamisha kichwa kukubali.

"Aanze," mtahini alisema.

"Nazima," ilisema sauti ya Zulekha, na mlio mdogo wa swichi ukasikika.

Pigo la kwanza lilifika. Lilikuwa jembamba na kavu, halikufanana na ngozi ya mbuzi. Zulekha alipiga mzunguko mmoja peke yake, mwendo haukuyumba. Akapiga wa pili. Leokadia aliinua mkono, na mwanzoni mwa mzunguko wa tatu, vumi la Kasiani likaingia.