Kipande cha Figo ya Jethro

"Wanataka kuipanda kwa chupa! Ati nyama ya mtu ipandwe kama mbegu! Na wewe, Mama Mwenda, umenyamaza tu?"

Watiri alikuwa upande wake wa ua, nguo mbichi begani, na sauti yake ilisikika mtaa mzima wa Skuta. Upande wa pili, Kajuju, ambaye mtaani huitwa Mama Mwenda, alikuwa akichambua ndizi za kuuza.

"Watiri, punguza sauti. Mgonjwa amelala."

"Mgonjwa anasikia vizuri!" Jethro, mume wa Kajuju, akajibu kutoka ndani. "Na mgonjwa haendi popote!"

Upasuaji ulikuwa Alhamisi.

Yote yalianza na mkojo mwekundu. Jethro hakusikia maumivu. Kesho yake mkojo ukawa safi, akasahau. Wekundu ukarudi, ukaenda tena. Kajuju ndiye aliyemvuta hospitali. Picha zikaonyesha uvimbe kwenye figo moja. Ilikuwa saratani, lakini haikuwa imesambaa. Daktari akasema figo hiyo itolewe. Kisha akaomba ruhusa ya jambo la pili: kipande cha uvimbe kipelekwe maabara Nairobi, seli zake zikuzwe, dawa zijaribiwe juu yake.

Hapo ndipo Kajuju alipopotea. Seli ni nini? Zinakuaje nje ya mtu? Kosa lake lilikuwa kumuuliza Watiri.

"Fikiria," Watiri akaendelea. "Huko Nairobi wanamwagia hiyo kitu dawa kali. Nani atachomeka? Si ni Jethro, hapa kitandani? Na akifa, tutamzika nusu, hiyo ingine bado inakula?"

Hata Kajuju alikuwa amewaza hivyo hivyo.

Wakati huo Sista Jigna akapita, akitoka kazini. Ni muuguzi wa wagonjwa wa figo, binti ya mzee Natu mwenye duka la mabati na misumari. Kajuju humwekea ndizi kila wiki. Alisimama, akawasikiliza wote, hata Watiri mpaka mwisho, na hilo si watu wengi wanaoliweza.

"Mama Mwenda, migomba yenu ilitoka wapi?"

"Ile ya shamba letu la Meru? Ni ya maabara. Walikata kipande kidogo cha mgomba, wakakiwekea chakula kwa chupa, kikazaa miche."

"Na ukifyeka mmoja shambani kwako, ule uliotolewa kipande unatoa maji huko uliko?"

Kajuju akacheka bila kutaka. "Aa, wapi! Mgomba utajuaje?"

"Basi. Mwili umejengwa kwa vitu vidogo sana, jicho halivioni. Hizo ndizo seli. Za saratani huzaana bila breki. Zikilishwa kwenye chupa, nyingi hufa, lakini zingine huendelea kuzaana miaka na miaka. Watafiti hujaribu dawa juu yake kabla ya kumpa mtu. Zikichomwa, Baba Mwenda hasikii kitu. Na hazizai mtu mwingine, zinazaa seli tu."

Jethro alikuwa ametokea mlangoni, blanketi mabegani. "Na nikikataa?"

"Ukikataa utafiti, utatibiwa vile vile. Hizo ni ruhusa mbili. Lakini figo mbaya isingoje. Ile ingine imepimwa, inachuja damu vizuri. Itakutosha."

Jethro akakuna kichwa. "Sista, bado nimechanganyikiwa."

"Hata mimi," Kajuju akasema.

"Basi ulizeni tena kabla ya kuweka sahihi. Daktari yuko pale kwa hiyo."

Alhamisi wakaenda. Jethro aliuliza maswali mpaka daktari akavuta kiti, akaketi. Mwishowe Jethro akakubali yote mawili, upasuaji na utafiti.

Miezi mitatu baadaye Jethro alikuwa akipalilia sukuma wiki yake mwenyewe. Huenda kupimwa kila anapoitwa. Hamezi tena dawa za maumivu ovyo ovyo, maana zinaweza kuumiza figo iliyobaki. Kama kile kipande kilishika au kilikufa, hajui.

Siku hiyo Watiri alikuja uani. Sauti yake ilikuwa chini, jambo geni kabisa.

"Mama Mwenda, ni mume wangu, Dedan. Mkojo wake ni mwekundu. Ilianza hata kabla Baba Mwenda hajaugua. Aliniapisha nisiseme."

Kajuju akamkodolea macho. Kumbe kelele zote zile zilikuwa woga! Hakujua amkasirikie au amshike mkono. Akamshika mkono.

"Inaweza kuwa mawe. Inaweza kuwa maambukizi tu. Si lazima iwe saratani. Lakini apimwe kesho."

"Hatakubali. Hata kuongea juu yake hataki."

Jethro akaweka jembe chini. Akanawa mikono polepole, akaegemea ua, redio ikilia kwa kina Watiri, akaita:

"Dedan! Zima hiyo redio, kuja tukule! Mukimo iko mezani. Na nikuonyeshe mahali walinikata."