Mtaro wa Bonifas na Ukuta wa Hildegarda

Kila mvua iliponyesha Magomeni, mjini Kilosa, Hildegarda aliwahamisha watoto, akakinga ndoo, kisha akamlaani Bonifas. Hiyo kazi ya mwisho aliifanya kwa ustadi mkubwa.

Bonifas, jirani yake, alichimba mtaro wa kutoa maji uani kwake. Mtaro uliishia kwenye ukuta wa chumba wanamolala watoto wa Hildegarda. Ukuta wa udongo ulikuwa unamomonyoka.

"Bonifas, ukoo wenu ulifundishwa kuchimba na panya?" Hildegarda alimuuliza.

"Shukuru, mtani. Nimekuletea maji mpaka kitandani." Bonifas akacheka, akaenda zake.

Nyumba inaanguka, mtu anacheka. Hildegarda alichukua jembe akauzibe ule mtaro.

Njiani alikutana na Loveth, msaidizi wa kisheria wa kata.

"Shikamoo mama. Jembe la nini?"

"Marahaba. La haki."

Alipoelezwa, Loveth alisema, "Ukiziba, atazibua. Mwisho mtapigana. Ulimwambiaje? Tuseme mimi ndiye Bonifas, niambie."

"Wewe panya..."

"Hapo nimeshacheka, mama. Mtani ukimtukana, anajibu utani. Sema kinachotokea, unachohofia na unachotaka. Basi."

Hildegarda alikereka. Aonewe yeye, na afundishwe kusema yeye. Hata hivyo alirudia mpaka maneno yakanyooka.

Kesho yake Loveth aliwakalisha wote wawili. "Mimi si hakimu," alisema. "Kila mmoja ataongea bila kukatizwa. Makubaliano yatakuwa yenu."

"Kama huhukumu, tumefuata nini?" Hildegarda alinung'unika. Kisha akamgeukia jirani yake. "Bonifas, leo sikutanii. Maji yako yanakula ukuta. Nahofia utawaangukia wanangu. Nataka mtaro ugeuzwe."

Bonifas hakucheka. "Mimi nilidhani tunataniana tu. Lakini nikiuziba, maji yataingia jikoni kwangu."

Hildegarda hakuwahi kulijua hilo. Hakuwahi kuuliza.

"Yanaweza kupita wapi?" Loveth aliuliza.

Walibishana, wakabishana tena. Mwishowe walikubaliana maji yapite mpakani mwa viwanja vyao hadi mfereji wa barabarani, na wachimbe pamoja.

Jumamosi walichimba. Bonifas aliukandika ukuta kwa mikono yake.

Mvua ilirudi kwa kishindo. Hildegarda alisimama chumbani, hasira yake ikiwa tayari. Akaupapasa ukuta chini. Ulikuwa mkavu. Watoto hawakuamka.